Sauti Kwanza

Kazi yangu ni kuamua nini kitupwe. Watu wakiniuliza nafanya nini Tunduma, nawaambia narusha harusi na ibada mubashara. Wanaona kamera, wanaona vipaza sauti, wanaridhika. Lakini kamera hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuishika. Kazi yenyewe iko kwenye kompyuta ndogo ninayoipakata nyuma ya spika, mahali ambapo hakuna mgeni anayekuja kupiga picha. Pale napima njia ya mtandao inaweza kubeba kiasi gani kwa dakika hiyo, na kisichobebeka nakitupa kabla hakijaondoka. Nimeifanya kwa miaka tisa, na sitaficha kwamba nilikuwa najisikia.

Nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayatashika. Mtandao wa Tunduma unasongwa. Malori yanapanga foleni kuelekea mpakani, siku nyingine mpaka nje ya mji, na ndani ya kila lori yuko dereva asiye na la kufanya ila simu. Wote wanavuta njia ileile. Ukilazimisha kupitisha picha safi, inakwama, na nyuma yake sauti nayo inakwama, na bibi harusi anaonekana Dar es Salaam mdomo wazi dakika nzima. Ndiyo maana kuna programu inayopima. Inatuma vipande vya picha na sauti, inaulizia upande wa pili vimefika vingapi na vimechelewa kiasi gani, na vikianza kuchelewa tu inapunguza mwendo palepale. Njia ikifunguka inaongeza, lakini kidogo kidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto. Wa mpakani hawahitaji kufundishwa hili. Wanajua foleni haipungui kwa kila mtu kupiga honi.

Programu haijui kipi ni cha maana. Mtu ndiye anayeiambia. Mimi niliiambia sauti kwanza. Mwendo ukishuka chini ya kiwango nilichoweka, picha ife, sauti ibaki. Ukishuka zaidi, hata katika hiyo sauti ibaki ile tu inayofanana na mtu anayeongea. Mengine yote, honi, jenereta, upepo, masufuria yanayogongana, yatupwe humohumo ndani ya simu yasije yakala njia bure. Niliuhangaikia mpangilio huo kwa miezi. Niliujaribu nikiwa nimesimama kando ya barabara kuu, malori yakinguruma mgongoni, na rafiki yangu aliyekuwa Mbeya akaniambia ananisikia kama niko chumbani kwangu. Nikaupa jina la Sauti Kwanza nikauhifadhi. Wateja niliwaambia mtu ni sauti yake, uso ni pambo tu. Nilidhani nimesema neno la hekima.

Kwetu ni Itaka. Baba ni mkulima wa kahawa, mtu wa kanisa, mwenye maneno machache ambayo yakishatoka hayarudi. Kaka yangu, aliyenipita miaka sita, alikuwa dereva wa malori ya Zambia, na huko alioa na kuweka makazi, Kitwe. Mama alipougua, kaka hakungoja ukoo ukae kikao. Alimpakia, akamvusha mpaka, akampeleka kwenye hospitali aliyoiamini karibu na kwake. Mama alifia huko. Alirudi Itaka kwenye jeneza, na pale kaburini, udongo bado mbichi, Baba alimnyooshea kaka kidole mbele ya watu wote akasema, "Aliyemwua mke wangu ni huyu." Kaka aligeuka. Aliondoka na viatu vyake vya udongo, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani.

Nikabaki mimi katikati. Kazi hiyo nilikuwa nayo tangu utoto. Baba alikuwa akinituma, "Kamwambie kaka yako ni mpumbavu," nami nikifika namwambia, "Baba anakusalimia, anasema uwe mwangalifu." Kaka akijibu, "Mwambie aniache," nampelekea Baba, "Anasema atakuja kukusaidia jioni." Kaka aligundua mapema akanipa jina la mpaka asali, yaani mtu anayepaka maneno asali. Baba naye aligundua, ingawa hakuwahi kusema. Ukweli ni kwamba wote wawili walijifunza kukata nusu ya kila nilichowaambia, na mimi nikaendelea kuamini kwamba nawapatanisha.

Kisha figo za kaka zikakataa. Alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila alipotoka huko sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, sitaki mengi. Nataka mzee alirudishe lile neno. Alilitoa mbele ya watu. Kwangu alirudishe hata mbele yangu peke yangu, nisife nikiwa muuaji." Kusafiri hakuweza. Baba pia miguu ilishamgomea. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari ya kupumzikia njiani. Nilikwenda Itaka nikamfikishia ujumbe huo neno kwa neno, bila kupaka chochote, labda kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Baba alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne akaazima simu ya jirani akanipigia, "Njoo na mashine yako."

Hapo inabidi niseme jinsi msamaha unavyoombwa nyumbani kwetu. Aliyekosa haombi kwa maneno. Anashuka chini, anapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, kisha ananyamaza. Haruhusiwi kuongeza neno, maana akianza kuongea ataanza kujitetea. Zamu ya kujibu ni ya aliyekosewa. Akikubali, naye anapiga makofi, mambo yamekwisha, watu wanakula. Asipokubali hatukani wala hafukuzi. Anasema tu, "Nimekusikia," na kila mtu anajua mlango umefungwa. Nimeona vijana wakiwapigia wazee wao makofi hayo, nimeona mke na mume. Mzazi kumshukia mtoto wake sijawahi kuona, wala kusimuliwa.

Itaka mtandao ni wa kubahatisha. Nyumbani unapatikana sehemu moja tu, upande wa juu wa uwanja penye vichanja vya kukaushia kahawa. Nikaiweka ruta yangu juu ya kichanja, nikaifunika na kitenge isipigwe na jua, na mawimbi yake yakafika hadi sebuleni. Simu niliiegemeza kwenye Biblia juu ya kigoda. Baba alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na siku hiyo haikuwa Jumapili. Nilipowasha, mwendo ulikuwa mdogo kiasi cha kunikasirisha, nikachagua Sauti Kwanza. Uso wa kaka ukatokea, umevimba, macho membamba. Baba aliutazama kwa muda, akanigeukia. "Toka, mama," akaniambia, kama alivyozoea kuniita mimi binti yake. "Hili ni langu na kaka yako."

Nikatoka. Nilisimama kwenye vichanja na kompyuta yangu, nikitazama namba. Mwendo ulishuka, ukashuka tena. Dakika ya kwanza haijaisha, picha ikafa. Sikushtuka, ndivyo nilivyokuwa nimepanga ife. Mstari wa sauti ulikuwa wa kijani, haukukatika hata mahali pamoja, na nakumbuka nilijipongeza. Alama ya upande wa Itaka iliniambia hakuna sauti ya kutuma kwa sasa, jambo ambalo hutokea mtu anapokuwa kimya. Nikafikiri Baba anatafuta pa kuanzia.

Kisha nikasikia makofi kupitia ukuta wa tofali. Polepole, mazito. Baba yangu, mwenye miguu ile, alikuwa chini sakafuni. Nililia nikiwa nimesimama katikati ya kahawa, mjinga mimi, machozi ya furaha, na sikuyafuta. Baada ya kimya nikasikia tena makofi, nikasema moyoni sasa wanajibizana. Sikuangalia tena namba. Simu ilipokatika nilingoja kidogo, kwa adabu, nisiwaingilie.

Nilimkuta bado yuko chini, mkono mmoja umeshika kigoda, fimbo yake imeegemezwa ukutani. Hakuniangalia.

"Amekataa," akasema.

"Amekataa vipi, Baba?"

"Amesema amenisikia."

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la maranda. Akaomba maji, nikamletea, akakaa nayo mkononi hadi nilipoyachukua.

Mimi nina hasira za karibu, waliokaa nami wanajua. Sikumpigia kaka kuuliza. Nilimwandikia ujumbe nikiwa bado uwanjani: mzee kakushukia chini wewe unamwambia umemsikia, kweli wewe ni jiwe. Akajibu baada ya saa moja. "Hakusema hata neno. Aligeuza uso akatazama ukuta mpaka mwisho. Nimeona kwa macho yangu." Nikasoma mara mbili, nikamwona mwongo. Makofi nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, yatakuwaje hayakupigwa? Sikumjibu. Siku kumi na sita sikumjibu. Nikitaka kuulaumu mtandao nitaulaumu kwa mengine, lakini siku hizo zilikuwa zangu.

Siku ya kumi na sita ilikuwa Jumamosi, nikirusha sendofu ya kumuaga binti anayeolewa, kwenye ukumbi mmoja Vwawa. Mvua ilikuwa inanyesha, mtandao umelala, nami nikaweka Sauti Kwanza kama kawaida. MC alikuwa mchangamfu, ukumbi mzima unamfurahia. Katikati ya shughuli mjomba wa binti akanijia nyuma ya spika, amekunja uso.

"Dada, shangazi yake yuko Mwanza anatazama. Anauliza tumegombana?"

"Kwa nini?"

"Anasema MC anaongea na watu wote wamenuna. Kama tuko msibani. Makofi hayaendi huko."

Nikacheka. Nikamwambia, "Makofi ni kelele, mzee wangu. Tunayatupa ili..." Sikuimalizia sentensi hiyo. Alisimama akiningoja niimalizie, kisha akaona uso wangu akaondoka polepole.

Niliiacha mashine ikijiendesha, nikatoka nyuma ya ukumbi, nikasimama chini ya bati penye majiko ya wapishi. Hakuna aliyehitaji kunieleza. Simu ilikuwa imefanya nilichoifundisha. Njia iliposongwa iliua picha, na picha inapokufa ile ya mwisho hubaki imeganda upande wa pili. Ile ya mwisho ilikuwa Baba ameketi, amegeuka kando, bila shaka anatafuta pa kuegemeza fimbo yake ili ashuke. Kaka aliitazama hiyo hadi mwisho. Makofi hayafanani na mtu anayeongea, basi yakatupwa. Na kwa kuwa Baba, kwa heshima yake yote, hakutamka neno, simu ilihesabu kwamba chumbani hakuna kitu cha kutuma. Nilitamani ardhi inimeze, na sisemi hivyo kwa mapambo. Mpangilio ule haukuwa na kosa hata moja.

Nikampigia kaka palepale. Aliitika kwa tabu. Nikamweleza yote, kwa haraka, nikirudia rudia, mvua ikipiga bati juu yangu. Nikamwambia habari ya fimbo. Nikamwambia alipiga makofi mara mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilikuwa nasikia pumzi yake.

"Asali," akasema. "Umeanza tena, mdogo wangu."

"Naapa kwa kaburi la Mama."

"Hata zamani ulikuwa unaapa."

"Kaka, nisikilize. Mimi ndiye niliyeiharibu. Ni mimi, si yeye."

 Kisha akasema, kwa upole ambao sikuutaka, "Nilimwita. Nilimwambia, Baba, nakusikiliza. Nikangoja. Nikasema nisije nikamkatiza, huenda analitafuta neno. Nikangoja tena. Mwisho nikaona basi, kunyamaza nako ni jibu. Nikamwambia nimekusikia." Akakohoa. "Kama unayosema ni kweli, arudie. Simu ya kawaida, bila mashine zako. Na wewe usiwepo."

Nikamwambia kesho. Halafu nikakumbuka kesho ni Jumapili na nimeahidi kurusha ibada kubwa Tunduma, watu wameshatangaziwa. Ningeweza kuivunja ahadi ile. Ningeweza pia kumpigia jirani wa Baba, lakini nikaona jambo zito kama hilo halipiti kwenye simu ya jirani, likasikika uani kwa watu. Nikamwambia kaka basi Jumatatu. "Jumatatu," akarudia, kama mtu anayeambiwa siku ya kliniki.

Jumapili nilirusha ibada. Ilipita vizuri, hakuna kilichokwama, mchungaji alinishukuru madhabahuni. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Mimi yalikuwa yameshakuja na bado nilikaa pale nikikunja nyaya.

Jumatatu nilifika Itaka kabla ya saa nne. Baba alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake, mbele ya kigoda kilekile. Nikakaa sakafuni nikamweleza kama nilivyomweleza kaka, ila polepole zaidi. Aliniacha nimalize.

"Mama," akasema, "kaka yako ndiye aliyekuambia hayo, au ni wewe umeyaona?"

"Ni mimi nimeyagundua, Baba."

"Basi ni wewe."

"Baba, hakusikia."

"Nilimsikia vizuri. Aliniita Baba, akasema ananisikiliza. Anayesikiliza, anasikia. Nikasema pengine anataka nizidi kushuka, nikapiga tena. Akasema amenisikia." Alitazama viganja vyake. "Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyeanza, kule kaburini. Lakini mtu hashuki chini mara mbili kwa kosa moja. Akikataliwa amekataliwa."

"Hukukataliwa."

"Unatupenda wote wawili, najua. Toka ulipokuwa mdogo hivi."

Hapo nilimpandishia Baba sauti, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilimwambia ni mkaidi, kwamba ukaidi wake ndio uliomfukuza mtoto wake na sasa unamzika. Nilisema na mengine. Hakunikemea. Alisema tu kwamba nimechoka, niende nikapumzike. Nikatoka hadi kwenye vichanja kupoza moyo, na pale penye mtandao simu yangu ikaamka na kuita. Alikuwa wifi yangu. Ni Mbemba, Kiswahili chake alifundishwa na kaka, na hukisema taratibu kama anayevuka mto kwa mawe.

"Mukwai, wifi," akasema, akianza na neno la heshima la kwao. "Ametuacha leo asubuhi. Usiku wote alikuwa anauliza kama imefika Jumatatu."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kahawa ilikuwa imeanikwa, na nilikuwa nimeshika ukingo wa kichanja, na punje zilikuwa zinadondoka kwa sababu nilikuwa nakitikisa. Baba alinisikia kutoka ndani. Sikuhitaji kumwambia.

Walimzika Kitwe Jumatano. Baba hakuweza kwenda, nami sikuweza kumwacha. Tuliweka matanga Itaka bila mwili, watu wakaja, wakaimba, wakauliza imekuwaje, nikawajibu figo. Mtoto mmoja wa ndugu zetu wa upande ule alirusha mazishi kwa simu, akanitumia nifungue nitazame. Sikufungua. Nilikuwa siwezi kuiamini picha yoyote, na sauti ndiyo kabisa.

Alhamisi, watu walipokwenda kula, Baba aliniita. Alikuwa hajaniambia neno refu tangu Jumatatu.

"Ile mashine," akasema, "nionyeshe."

Nikamwambia haina maana tena.

"Sikukuuliza maana. Nionyeshe."

Nikaipeleka ruta kichanjani kama siku ile. Nikawasha simu mbili, mwendo ukiwa mdogo kama siku ile, nikachagua mpangilio uleule. Mimi nilitaka yeye akae ndani nami nisikilizie nje, lakini akasema hapana, yeye ndiye atakayesikiliza. Tulimbeba na kiti chake, mimi na shangazi yangu aliyekuja matangani, tukamweka uwanjani, nikampa simu ailaze sikioni. Nikarudi sebuleni. Nikasema kwenye simu iliyo juu ya kigoda, "Baba, unanisikia?" Dirishani nikamwona ameinua mkono. Alikuwa ananisikia.

Nikashuka chini nikapiga makofi. Nilipiga ya polepole kwanza, kama inavyotakiwa, kisha nikasahau namna inavyotakiwa nikapiga tu, hadi viganja vikawaka. Niliinuka nikachungulia. Baba alikuwa ameketi na simu sikioni, kichwa kimeinama kidogo. Akaiondoa sikioni, akageuza uso kuelekea ukutani, huko makofi yalikokuwa yametokea. Akairudisha sikioni. Nikashuka nikapiga tena. Nilipochungulia alikuwa anafanya vilevile, anaiondoa, anaiweka, anaiondoa, na shangazi amesimama pembeni hajui afanye nini.

Nikatoka nje. Nilitegemea kitu, sijui nini, labda anipige. Ningeshukuru. Alikuwa ameiweka simu mapajani, ameifunika na viganja vyote viwili.

"Kwa hiyo alikuwa ananingoja," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Muda gani?"

Mashine yangu huandika kila kitu kuhusu simu iliyopigwa, isipokuwa kilichosemwa. Muda ule nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeutazama mara nyingi kiasi kwamba nisingeweza kusema sikumbuki, na kwa kupaka asali nilikuwa nimeshakoma.

"Dakika nne na sekunde kumi na moja."

Baba alifikiri. Midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo, nikaona anajaribu kuzihesabu, moja moja.

"Ni nyingi hizo," akasema, "kwa mgonjwa."